Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za kemia: tasnifu ya maandiko nayo ni utafiti

Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Kemia, Waratibu wa Tasnifu na Wajumbe wa Kamati za Mitihani ya Shahada ya Kwanza,

Yah: Tasnifu zinazotegemea maandiko katika shahada ya kwanza ya kemia

Nawaandikia nikiwa mhitimu wa shahada ya kwanza ya kemia ambaye tasnifu yake ya mwaka wa mwisho haikutoka maabara, bali ilitokana na makala zilizokwisha kuchapishwa. Nimeamua kuiandika barua hii hadharani, badala ya kuipeleka kwa idara moja, kwa sababu nimezungumza na wenzangu wa vyuo mbalimbali na wengi wao wamepita njia ileile niliyoipita: orodha ya wanafunzi na wasimamizi wao inabandikwa, nafasi za maabara zinaisha, na waliobaki wanaambiwa kwamba wataandika tasnifu ya maandiko. Hakuna anayewaeleza kazi hiyo ni nini. Mimi niliambiwa sentensi moja tu, tena kwa nia njema kabisa: "Usijali, wewe utasoma tu."

Ombi langu ni moja, na yote yatakayofuata yanalifafanua. Tasnifu ya maandiko ichukuliwe kuwa utafiti wa kikemia, yenye swali lake, data yake, mbinu zake na vigezo vyake vya kusahihishwa, na isigeuzwe kuwa mahali pa kuwaweka wanafunzi waliokosa meza ya maabara.

Mada niliyopewa ilikuwa ya mistari miwili: niandike kuhusu vitu vyenye vitundu vidogo mno vinavyoweza kunasa hewa ya ukaa. Kundi linalojulikana zaidi la vitu hivyo ni la miundo inayojengwa kwa ayoni za metali zilizounganishwa na molekuli za ogania, ambayo wanakemia huiita MOF, na ambayo ilimpatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025. Mada ya namna hiyo haina ukingo. Kwa wiki nyingi nilisoma kila kilichonijia, nikajaza daftari, na kila sura niliyoiandika ikawa muhtasari wa makala moja unaofuatwa na muhtasari wa makala nyingine. Msimamizi wangu, ambaye alikuwa na wanafunzi wengi wa maabara wa kuwaangalia, aliisoma rasimu hiyo akaandika pembeni maneno matatu: "Swali lako nini?" Sikupata maoni yenye manufaa kuliko hayo mwaka mzima, na yalinifikia katika wiki ya 9.

Swali nililolipata baada ya hapo lilikuwa hili: ni MOF zipi zinazonasa hewa ya ukaa kwa wingi katika hali inayokaribia ile ya moshi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe, na je, takwimu zilizochapishwa kuzihusu zinalinganishika? Naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipofahamu kwamba "kusoma tu" si jina la kazi niliyokuwa naifanya.

Katika moshi wa namna hiyo hewa ya ukaa ni takriban asilimia 15, kwa hiyo mgandamizo wake peke yake ni kama baa 0.15, na unyevu haukosekani. Makala nyingi nilizokuwa nazo zilitangaza kiasi kilichonaswa katika baa 1 ya hewa ya ukaa safi na kavu. Nyingine zilikuwa zimepima katika kelvini 273, nyingine katika kelvini 298, na kwa kuwa unasaji huu hutoa joto, kadiri halijoto inavyoshuka ndivyo kiasi kinachonaswa kinavyopanda. Mtu akiziweka takwimu hizo katika safu moja ya jedwali, atakuwa amempotosha msomaji hata kama kila tarakimu ameinakili bila kosa. Zaidi ya hayo, kila kundi la watafiti lilikuwa na namna yake ya kupasha sampuli joto katika ombwe ili kuondoa kiyeyushi kilichobaki ndani ya vitundu kabla ya kupima, na sampuli ambayo vitundu vyake havikusafishwa vizuri haiwezi kunasa sawa na ile iliyosafishwa, japo jina lao ni moja.

Nakumbuka jioni moja nilipokuwa na makala tatu mezani zinazozungumzia kitu kilekile. Ya kwanza ilitoa kiasi kwa milimoli kwa gramu, ya pili kwa sentimita za ujazo kwa gramu, na ya tatu kwa asilimia ya uzito. Kuzigeuza si kazi kubwa: milimoli 1 ya gesi katika hali sanifu huchukua sentimita za ujazo 22.4, na milimoli 1 ya hewa ya ukaa ina uzito wa miligramu 44. Ugumu ulikuwa kwingine. Makala ya tatu haikusema kama asilimia ile ilipatikana kwa kugawanya kwa uzito wa MOF peke yake au kwa uzito wa MOF pamoja na gesi iliyonaswa. Nilifungua kiambatisho chake, chenye kurasa zaidi ya 60, nikaitafuta grafu ya unasaji, nikaikuza kwenye skrini, nikaweka rula, nikaisoma nukta moja moja hadi nikapata thamani iliyokaribiana na mojawapo ya zile hesabu mbili. Saa nne zilikwisha kwa tarakimu moja ya jedwali langu, na bado niliiwekea alama ya shaka. Mwenzangu wa maabara akimaliza saa nne akikausha sampuli isiyotaka kukauka, hakuna anayeuliza kama huo ni utafiti. Nami naamini kwamba saa zangu nne zilikuwa za aina hiyohiyo.

Wala si mimi niliyegundua kwamba ulinganishaji wa namna hii una uzito. Mwaka 2017 Jongwoo Park, Joshua Howe na David Sholl walizikusanya takwimu za unasaji wa hewa ya ukaa katika MOF zilizokwisha kuchapishwa na watafiti mbalimbali, wakazilinganisha, na wakaona kwamba takriban asilimia 20 ya vipimo hivyo vilikwenda kando mno na vingine vya kitu kilekile. Matokeo hayo yalitokana na data iliyokuwa tayari imechapishwa, inayoweza kufikiwa na yeyote mwenye maktaba, na yalisema jambo ambalo hakuna makala yoyote kati ya zile zilizokusanywa ingeweza kulisema ikiwa peke yake. Tasnifu ya shahada ya kwanza haitafika huko, lakini mwelekeo wake unaweza kuwa huo.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa wakati wa kusahihishwa. Mwongozo uliotumika kwangu ulikuwa uleule wa tasnifu za maabara, na alama 30 kati ya 100 zilikuwa za "utendaji wa majaribio na ubora wa data". Nilipouliza mapema jinsi sehemu hiyo itakavyohesabiwa kwa mtu asiyefanya jaribio, nilijibiwa kwamba watahini watatumia busara. Watahini wawili waliitumia busara hiyo kwa njia mbili: mmoja alizigawa alama zile 30 katika vipengele vingine, mwingine alinipa chache kwa maelezo kwamba sikuwa na data yangu mwenyewe. Jedwali nililolijenga, pamoja na safu ya halijoto, safu ya mgandamizo, safu ya namna sampuli ilivyotayarishwa na safu ya kiwango cha shaka, halikuwa na mahali pa kuwekewa alama. Sina kinyongo na yeyote kati yao, maana walipewa chombo kisichofaa kwa kazi waliyotakiwa kuipima. Lakini nasikitika, na nalisema waziwazi, kwamba mwanafunzi anaweza kufanya kazi kwa uaminifu mwaka mzima kisha matokeo yake yaamuliwe na bahati ya kupangiwa mtahini huyu badala ya yule.

Jambo la kwanza ninaloliomba, kwa hiyo, ni swali. Idara isimpe mwanafunzi mada bali imsaidie kufikia swali linaloweza kujibiwa kwa data iliyopo, na imsaidie katika wiki mbili au tatu za mwanzo, kabla hajazama. Mada ni "vichocheo vya paladiamu". Swali ni kama kichocheo fulani cha paladiamu kinachodaiwa kutumika tena na tena bila kuchoka kimepimwa kwa namna inayoweza kuonyesha kuchoka huko, kwa sababu mmenyuko ulioachwa hadi umalizike utaonyesha kiasi kilekile cha zao mara tano mfululizo hata kama kichocheo kimekwisha kupoteza nusu ya kasi yake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyesoma kinetiki, yaani elimu ya kasi ya mimenyuko, anaweza kulitambua hilo. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba ana ruhusa ya kulitafuta.

La pili ni mafunzo ya kutafuta. Sisi tulipewa saa moja ya kuonyeshwa mtandao wa maktaba, na hapo ndipo yalipoishia. Kutafuta maandiko ya kemia si sawa na kuandika neno katika kisanduku na kubofya, kwa sababu kitu kimoja kina majina mengi. MOF ya shaba inayoitwa HKUST-1 katika makala moja huitwa Cu-BTC katika nyingine na MOF-199 katika nyingine tena. Ile ya magnesiamu inayoitwa Mg-MOF-74 ndiyo hiyohiyo CPO-27-Mg. Mimi nilitafuta Mg-MOF-74 kwa zaidi ya mwezi mmoja bila kujua kwamba jina la pili lipo, na nilipoligundua nililazimika kuifungua upya sura niliyodhani nimeimaliza. Aliyefundishwa kutafuta kwa umbo la molekuli au kwa namba ya usajili ya CAS, taasisi inayokipa kila kitu cha kemia namba yake ya pekee, ambayo orodha yake ina vitu zaidi ya milioni 200, hapati hasara ya namna hiyo. Kanzidata za maandiko kama SciFinder, Reaxys, Scopus na Web of Science kila moja ina nguvu yake na upungufu wake, na kanzidata ya Cambridge ya miundo ya fuwele, yenye miundo zaidi ya milioni moja, ni hazina ambayo wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza humaliza masomo bila kuifungua hata mara moja. Wiki moja ya mafunzo kwa vitendo, pamoja na mkutubi anayezifahamu kanzidata hizi, ingetosha. Na pale ambapo chuo hakijalipia mojawapo, mwanafunzi aelezwe mwanzoni ili swali lake lichaguliwe kwa kuzingatia kile anachoweza kukifikia.

Pamoja na mafunzo hayo, kila mwanafunzi atakiwe kuweka shajara ya utafutaji kama mwenzake wa maabara anavyotakiwa kuweka daftari la maabara: tarehe, kanzidata, maneno au umbo alilotafuta, idadi ya makala zilizopatikana, zilizobaki baada ya kuchujwa, na sababu ya kila mchujo. Wenzetu wa tiba wana mwongozo wao wa kuripoti mapitio, PRISMA, uliotolewa mwaka 2009 na kuhuishwa mwaka 2020. Sidhani kama unatufaa wote kama ulivyo, kwa kuwa majaribio ya kemia hayafanani kwa mpangilio kama majaribio ya dawa kwa wagonjwa, lakini kanuni yake ya kuonyesha makala zilivyoingia na zilivyotoka ni kanuni tunayoihitaji. Mimi nilianza na makala 212 nikabaki na 37, na iwapo mtahini angeniuliza kwa nini zile 175 niliziacha, ningeweza kumjibu moja baada ya nyingine.

Shajara hiyo inasaidia pia katika suala ambalo najua linawasumbua, la zana za akili unde. Zana hizi zinaweza kutunga rejea lenye majina ya waandishi, jarida, mwaka na kurasa, na makala yenyewe isiwepo. Kuzipiga marufuku kwa tangazo hakutoshi. Mwanafunzi atakiwe kuja kwenye mahojiano ya mwisho na makala zake, mtahini achague tatu bila kumwarifu, amuulize tarakimu hii ya jedwali imetoka grafu gani, katika halijoto gani, na kwa nini ameiamini. Mahojiano ya dakika 20 ya namna hiyo yatampambanua aliyesoma na asiyesoma kuliko programu yoyote ya kukagua wizi wa maandishi. Hapohapo aulizwe kama alikagua iwapo kuna makala aliyoitegemea ambayo baadaye ilifutwa na jarida lake, kwa sababu makala zilizofutwa huendelea kunukuliwa.

La tatu ni usimamizi. Mwanafunzi wa maabara anamwona msimamizi wake, au msaidizi wake, karibu kila siku, hata kama ni kwa kupishana mlangoni. Mwanafunzi wa maandiko anaweza kupitisha mwezi mzima bila kumwona mtu. Naomba ratiba ya mikutano iwekwe kwa maandishi, walau nusu saa kila wiki mbili, na kwamba katika kila mkutano kisomwe kitu kimoja kwa pamoja: makala moja, grafu moja, au hata aya moja ya mbinu. Nilipata nafasi hiyo mara moja tu. Msimamizi wangu alinionyesha jinsi anavyosoma kiambatisho kabla ya kusoma ikisiri, akaniambia kwamba ikisiri ni sehemu ambayo mwandishi anasema anachotaka kiaminike, na kiambatisho ni mahali alipoacha alichokifanya. Sijasoma makala kwa namna nyingine tangu siku hiyo.

Kuhusu mwongozo wa usahihishaji nimekwisha kusema. Nitaongeza tu kwamba alama zile 30 zinaweza kupewa ukamilifu wa utafutaji, uhalali wa ulinganishaji, na hukumu ya mwanafunzi juu ya ubora wa ushahidi, na kwamba mwongozo huo utolewe mwanzoni mwa mwaka.

Najua pingamizi lililo mbele yangu, na nalichukulia kwa uzito. Mtu anaweza kusema kwamba kemia ni sayansi ya mikono, na mhitimu asiyefanya mradi wa maabara ana pengo. Ni kweli kwamba ana pengo, na kwa sababu hiyo napendekeza kwamba tasnifu ya maandiko isipunguze hata saa moja ya mafunzo ya maabara yanayoitangulia. Lakini maabara zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, idara nyingi duniani ziligeukia tasnifu za namna hii na kuwatunuku wanafunzi wao shahada zilezile, kwa hiyo kimsingi mlikwisha kukubali kwamba kazi hii inaweza kubeba uzito wa shahada. Wapo pia wanafunzi wanaoichagua kwa hiari na kwa sababu nzuri: mwenye ujauzito anayepaswa kuepuka viyeyushi fulani, mwenye ugonjwa wa ngozi au wa kifua, mwenye ulemavu ambao maabara iliyopo haikujengwa kumhudumia, au yule ambaye kweli anavutiwa na ushahidi kuliko chupa. Hao hawastahili kupewa njia ya daraja la pili.

Isitoshe, meza ya kusomea na meza ya maabara hazijawahi kuwa mahasimu katika kemia. Mwaka 1918 Paul Rabe na Karl Kindler waliripoti, kwa maelezo mafupi mno ya mbinu, kwamba wameigeuza kwinotoksini kuwa kwinini. Mwaka 1944 Robert Woodward na William Doering waliisanisi kwinotoksini, na kwa kuitegemea ripoti ile ya 1918 wakahesabiwa kuwa wameifungua njia nzima ya kuitengeneza kwinini. Mwaka 2001 Gilbert Stork, alipochapisha njia yake mwenyewe, alitilia shaka msingi huo. Hapo ndipo Jeffrey Seeman alipoketi na maandiko, akazipitia ripoti na kumbukumbu za takriban karne nzima, na mwaka 2007 akachapisha hitimisho lake kwamba Rabe na Kindler walikuwa wamefanya walichosema. Mwaka uliofuata Robert Williams na Aaron Smith waliurudia mmenyuko wenyewe maabara kwa mbinu za zama zile na wakafanikiwa, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni kwamba unga wa alumini uliotumika ulihitaji kuwa umekwisha kukaa hewani, si mpya. Jambo dogo kama hilo, unga uliokaa hewani, ndilo ambalo ripoti fupi inaweza kuliacha na msomaji makini akaanza kulitafuta. Mwanafunzi wa tasnifu ya maandiko anafundishwa kuwa msomaji huyo.

Kabla orodha ya mwaka ujao haijabandikwa, naomba kila idara itoe ukurasa mmoja unaoeleza tasnifu ya maandiko ni nini, ina swali la namna gani, itasimamiwa vipi na itasahihishwa kwa vigezo vipi, na iuambatishe kwenye fomu ya kuchagua miradi ili mwanafunzi aione njia hiyo kabla ya kupangiwa. Shajara yangu ya utafutaji, jedwali lote la makala 37 pamoja na safu ya shaka, na orodha ya zile 175 nilizoziacha, niko tayari kuzikabidhi kwa idara yoyote inayotaka kuzitumia kama mfano wa kufundishia, pamoja na makosa yaliyomo, likiwemo lile la jina la pili la Mg-MOF-74.

Wenu katika taaluma,

Mhitimu wa shahada ya kwanza ya kemia